Karatasi isiyo na kichwa: kisa cha daraja lililokamilika kwenye ripoti

Karatasi yenyewe ni ya kawaida. Ni ukurasa uliopigwa mistari kwa rula, safu nne: nambari, jina, simu, sahihi. Jina langu liko mstari wa 17. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu ya kuazima, Februari 2024, katika uwanja wa kanisa kijijini kwetu, nikiwa kwenye foleni ya soda na mkate. Siku hiyo sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa tupu. Miezi tisa baadaye nakala yake iliponifikia, juu palikuwa pameandikwa kwa wino mweusi na mwandiko wa mtu mwingine: “Mkutano wa wananchi kukabidhiwa daraja la miguu.”

Daraja hilo halikuwapo. Palikuwa na nguzo moja ya zege upande wa shule, na shimo lililojaa maji upande wa pili.

Nitakieleza kisa hiki chote jinsi nilivyokiona. Wadi siitaji, kaunti siitaji, wala watu. Mengine bado yako mezani, na tena ninaamini mambo haya yangeweza kutokea katika wadi nyingi kati ya 1,450 za nchi hii. Itoshe kusema ni magharibi mwa Kenya, upande wa ile milima ya mawe makubwa unayoipita ukitoka Kisumu kwenda Kakamega. Mashamba yetu ni vipande vidogo vilivyoshikana mpaka ukingoni mwa kijito, na kijito chenyewe kinateremka kwenda kuingia mto Yala. Upande mmoja kuna shule ya msingi ninayofundisha, na zahanati. Upande wa pili kuna vijiji viwili na njia inayopanda hadi kituo cha matatu.

Kabla ya yote palikuwa na magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa vipande vya mbao. Kina mama wa mboga waliyavuka saa kumi na nusu alfajiri, gunia la mrenda au kunde kichwani na tochi ya simu mdomoni, wawahi matatu ya kwanza kwenda soko la Kibuye mjini Kisumu. Watoto waliyavuka saa moja asubuhi. Mwisho wa Aprili 2024, katika mvua zile zilizofurika karibu nchi nzima, kijito kiliyabeba magogo yote mawili usiku mmoja. Tangu siku hiyo, aliyetaka kuvuka alizunguka hadi barabara ya lami, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Asubuhi nilipoita rejista ya Gredi ya 4, watoto wa ng'ambo hawakuitika. Wengine walifika saa tatu, sare zimelowa hadi magotini, wamechoka kabla ya somo la kwanza.

Ahadi ya daraja ilikuwa ya zamani kuliko mafuriko. Mwakilishi wetu wa wadi aliitoa matangani, wiki chache kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022, akiwa amesimama karibu na jeneza la mzee aliyeheshimika sana. Watu wa kwetu wanajua uzito wa neno lililosemwa mbele ya maiti. Tulimpigia kura, akashinda.

Huyu si mtu mbaya, na ningekuwa mwongo kama ningemchora hivyo. Simu yake hushikwa. Akifiwa mtu, yeye huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ametoa mabati, amelipia majeneza, amesaidia mtoto wa jirani yangu kwa basari, na nyumbani kwake asubuhi hukosi watu kumi chini ya mwembe wakingoja nauli, karo, pesa ya dawa. Ukiuliza kwetu kama mheshimiwa anafanya kazi, utajibiwa kwamba alikuja matangani. Hicho ndicho kipimo tulichompa, na kwa kipimo hicho alifaulu. Alitumia mshahara wake na usingizi wake kulipa madeni ambayo hakuna sheria inayomdai, na hilo moja analodaiwa na sheria hatukuwahi kumuuliza.

Nimeisoma Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 mara nyingi tangu wakati huo. Kifungu cha 9 kinaeleza kazi ya mwakilishi wa wadi: akae karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti, apeleke maoni yao bungeni, arudishe majibu. Kisha kinasema jambo ambalo naamini asilimia kubwa ya wananchi hawajawahi kulisikia. Mwakilishi haruhusiwi kujiingiza, moja kwa moja au kwa kupitia mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wa kaunti. Kwa maneno mengine, si kazi yake kutujengea daraja. Kazi yake ni kupitisha pesa za daraja, kisha kusimama ukingoni na kuhakikisha aliyelipwa amejenga.

Sasa tazama yaliyotokea Januari 2024. Lori la mawe lilipofika, mheshimiwa alikuja amevaa aproni ya kung'aa na kofia ya wajenzi, akachimba udongo mara tatu kwa sururu huku kamera zikipiga, akasema, “Watu wangu, nimewaletea daraja lenu.” Tulipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi. Kontrakta alisimama kando yake akitabasamu, akitambulishwa kama rafiki wa mheshimiwa. Siku ile tulipoteza mkaguzi wetu na hatukujua, maana mtu aliyesema mradi ni wake atapata wapi ulimi wa kuulaumu? Zege la nguzo ya kwanza lilimwagwa, shimo la pili likachimbwa, kisha vibarua wakakoma kuja. Ilipofika Machi hata mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imeondoka.

Tulilalamika, ndiyo. Tulilalamika kwenye kituo cha bodaboda, kanisani baada ya ibada, chini ya mwembe wa mheshimiwa. Yeye alisema kaunti haijapokea mgao wake kutoka Nairobi. Wengine wakasema daraja linaloelekea shuleni ni kazi ya mbunge na hazina yake ya eneo bunge, kwa sababu shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Wengine wakamtupia gavana. Miezi mingi lawama zilizunguka hivyo, na kila mzunguko ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, kwa maana migao ya kaunti huchelewa kweli na shule za msingi kweli si za kaunti. Lakini njia ya kijijini na kivuko chake ni mambo ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na pesa za daraja hili zilikuwa kwenye bajeti ya kaunti, mwaka wa fedha 2023/2024, mstari mmoja, jina la kijito chetu limeandikwa. Hilo halikuhitaji ubishi.

Mambo yaligeuka katikati ya Septemba 2024, na yaligeuzwa na kijana wa saiba, duka la intaneti, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Nilikwenda kupiga chapa mitihani, akaniambia, “Mwalimu, hebu ona hii.” Alikuwa amepakua ripoti ya utekelezaji ya mwaka uliokwisha Juni 30. Kurasa zilikuwa nyingi. Alishuka na kidole hadi jina la kijito chetu, akaenda nacho kulia: mradi, mahali, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, hali ya mradi. Pale mwisho paliandikwa kwamba umekamilika, asilimia 100.

Nililipa ukurasa ule mmoja, nikaukunja, nikapanda bodaboda mpaka kijitoni. Sijui nilitarajia nini. Nguzo ilikuwa pale pale, nondo zimechomoza juu zikiwa zimeshika kutu, na mtu alikuwa ameanika nguo za mtoto juu yake.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi siku 21 kujibu. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka kujua. Niliandika barua ya nusu ukurasa nikiomba vitu vitano tu, kila kimoja na nambari yake: mkataba, orodha ya kazi na bei ambayo wajenzi huiita BQ, cheti cha ukaguzi na upokezi, hati za malipo, na ushahidi wowote kwamba wananchi walipokea mradi. Niliipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Muhuri huo ulinisaidia kuliko maneno yote ya barua, kwa sababu siku 21 zilipopita kimya, niliweza kuonyesha zilianza lini. Niliandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman, kupitia ofisi yake ya Kisumu, kwa kuwa ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Nakala nikaipeleka kaunti.

Katikati ya Novemba bahasha ya kaki ilifika shuleni.

Ndani yake ndimo nilimokuta karatasi ile. Cheti cha upokezi kilikuwa na sahihi tatu za maafisa. Palikuwa na picha moja ya nguzo, imepigwa karibu mno kiasi kwamba huoni ng'ambo. Na kiambatisho cha mwisho, kilichotajwa kama uthibitisho wa jamii, kilikuwa majina 63 ya majirani zangu. Kulikuwa na wazee wawili waliokwisha kufariki tangu Februari. Kulikuwa na mama ambaye hajui kuandika, alama ya kidole chake imekaa kama doa la embe. Mstari wa 17 ulikuwa wangu. Mimi ninayeshika rejista kila asubuhi, ninayewaambia watoto wasiandike jina kabla ya kusoma swali, nilitia sahihi karatasi isiyo na kichwa kwa sababu foleni ilikuwa inasonga na jua lilikuwa kali. Februari ile tulikuwa tumeitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya mwaka uliofuata. Tuliongea dakika 40 kuhusu soko na taa za barabarani. Daraja halikutajwa hata mara moja.

Usiku ule sikulala. Hasira nyingi zilikuwa juu yangu mwenyewe, lakini nilipotulia niliona kwamba karatasi ile ilikuwa inanieleza jambo kubwa kuliko wizi wa sahihi. Kura tuliyompa mheshimiwa 2022 nayo ilikuwa jina lililowekwa chini ya nafasi tupu. Hatukuandika tunamtuma nini. Yeye akajaza: mabati, majeneza, basari. Na pale bunge la kaunti lilipopokea ripoti ile yenye asilimia 100, alikuwa ndani ya ukumbi. Anapita kwenye kijito hicho kila Jumapili akienda kanisani. Angeweza kusimama na kusema, “Mheshimiwa Spika, hilo daraja halipo.” Maneno matano tu. Kwangu mimi kosa lake ni kimya hicho. Sahihi yake haikuwa kwenye cheti, na sina ushahidi kwamba alichukua hata shilingi. Ila tulimtuma bungeni awe mdomo wetu, na mdomo huo ulifungwa siku moja uliyohitajika.

Vijana walipoiona bahasha walitaka kukusanya sahihi za kumrudisha nyumbani. Nilikaa nao jioni mbili juu ya jambo hilo. Kifungu cha 104 cha Katiba kinawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge au seneta kabla ya muhula kwisha, na kwa wawakilishi wa wadi utaratibu uko kwenye ile Sheria ya Serikali za Kaunti: miezi 24 iwe imepita tangu uchaguzi, isibaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu ujao, na sahihi za angalau asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa. Kwenye karatasi inawezekana. Lakini 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya masharti ya kumwondoa kiongozi, na tangu Katiba ipitishwe 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Juu ya hayo, IEBC, tume ya uchaguzi ambayo ndiyo ingepokea ombi, haikuwa na makamishna tangu mapema 2023, na hali hiyo iliendelea hadi Julai 2025. Tungepeleka sahihi kwa nani? Haki hii ilinyimwa miguu, na inaniuma, kwa sababu kiongozi anayejua hawezi kuondolewa hadi miaka mitano iishe husikiliza kwa sikio moja.

Tukaamua tumwite.

Alikuja, na hilo namsifu. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, uwanja ule ule wa kanisa, naibu wa chifu na msimamizi wa wadi wakiwepo. Tulikuwa tumekubaliana watu wasipige kelele na asiulizwe jambo lolote nje ya ukurasa. Aliyeanza ni mama mmoja anayeuza mboga Kibuye, mjane, mtu wa maneno machache. Aliinuka na karatasi tupu ya mahudhurio iliyokuwa imewekwa mezani, akaishika juu.

“Mheshimiwa, mwanangu, kabla hatujaandika majina, andika hapa juu tumekuja kufanya nini leo.”

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Msimamizi wa wadi alianza kusema hilo lingefanywa baadaye ofisini, mama akamkatiza kwa upole: “La, baba. Hapa hapa.” Mheshimiwa alichukua kalamu akaandika tarehe, na chini yake: daraja la miguu halijajengwa. Sitasahau kwamba aliandika kwa mkono wake. Naamini hapo ndipo kazi yake ilipoanzia, karibu miaka miwili na miezi minne baada ya kuchaguliwa.

Kisha nikamsomea mstari wa ripoti, nikampa nakala, nikampa picha. Alijitetea kwanza. Alisema yeye hajengi, wahandisi ndio wanaojenga. Nilimwambia ni kweli, na kifungu cha 9 kinamuunga mkono, na ndiyo sababu hatumdai zege. Tunamdai aseme bungeni alichokiona kwa macho yake. Tulikuwa tumeandaa ombi rasmi kwa bunge la kaunti, kwa haki tuliyopewa na kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo, likiwa na sahihi 212, kila ukurasa ukiwa na kichwa chake kilichopigwa chapa. Mzee wa kijiji akamuuliza, “Utalipeleka wewe, mheshimiwa, au tulipeleke wenyewe kwa karani wa bunge?”

Nadhani swali hilo lilifanya kazi kuliko tusi lolote. Kama angekataa, angekuwa amejitenga na sisi mbele ya watu 100. Akikubali, angelazimika kusimama dhidi ya mradi aliouita wake. Alilichukua. Aliniomba pia nimwonyeshe ukurasa wa ripoti kwenye simu yangu, akaupiga picha. Akakiri, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ripoti ile hakuwahi kuifungua. Wengine walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nisingeifungua kama si kijana wa saiba.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko tulivyodhani. Ombi lilisomwa bungeni, kamati ya barabara ikaja kijitoni ikiwa na viatu vya mvua na futi ya kupimia, na mwishoni mwa Februari 2025 kontrakta yule yule alirudi. Shimo la pili lilitolewa maji, nguzo ikasimama, vyuma vikalazwa, mbao ngumu zikafungwa kwa nati. Hakuna aliyekata utepe. Mtu wa kwanza kuvuka alikuwa mtoto wa Gredi ya 2 aliyechelewa shule, akakimbia bila kujua kwamba fundi alikuwa bado anakaza nati ya mwisho.

Wapo kwetu wanaosema mambo yaishie hapo, daraja tumepata. Sikubaliani nao. Pesa zililipwa zote miezi mingi kabla ya kazi kufanyika, kwa cheti kilichosema uongo na kwa majina yetu. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu athibitishe kama pesa za umma zilitumiwa kwa njia halali na yenye manufaa, kwa hiyo tumempelekea nakala zote, ile karatasi ya majina 63 ikiwa juu. Mmoja wa maafisa watatu waliotia sahihi amehamishiwa idara nyingine. Mheshimiwa, kwa upande wake, aliuliza swali bungeni kuhusu nani aliyekijaza kile kichwa cha karatasi, na jibu alilopewa ni kwamba suala linachunguzwa. Amelileta jibu hilo kwetu kwenye mkutano, akalisoma lote, akasema hata yeye halimtoshi.

Sasa tuna daftari la jalada gumu, la kurasa 200, linalokaa nyumbani kwa yule mama wa mboga. Hakuna mkutano wa wadi unaofanyika upande wetu bila daftari hilo. Kichwa huandikwa kwanza, watu wote wakisikia, na mkutano ukiisha yeye hupiga mstari kwa rula chini ya jina la mwisho, akaandika saa. Karatasi za kaunti tunatia sahihi pia, baada ya kupiga picha sehemu ya juu.

Barua yangu ya pili iko kaunti tangu Jumatatu iliyopita. Nimeomba kitu kimoja tu, majina ya walioshughulikia faili la daraja kati ya Februari na Juni 2024. Muhuri wa kupokelewa ninao.